Lori la zamani, dizeli ghali: tulivyopunguza mafuta bila kubadilisha injini

Lori letu ni Fuso FH, injini ya silinda sita, pampu ya dizeli ya kimekanika, halina kompyuta hata moja. Baba alilinunua mtumba, akalifanyia kazi ya mizigo kutoka Shimanzi na Changamwe, hapa Mombasa, kwenda bara kwa miaka mingi, hadi magoti yalipomkataza kupanda kebini. Akanikabidhi mimi, pamoja na dereva wake, mzee ambaye alianza kuliendesha wakati mimi ningali shule ya msingi.

Nilijua mafuta ndiyo gharama kubwa ya kazi hii, lakini kujua na kulipa ni mambo mawili. Septemba 2023 EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta Kenya, ilipotangaza bei, dizeli ilivuka shilingi 200 kwa lita Nairobi. Hapa Mombasa huwa nafuu kidogo kwa kuwa ndiko meli zinakoteremshia, lakini tofauti ilikuwa ya shilingi chache tu, na mwezi uliofuata ikapanda tena. Wenye mizigo hawakuongeza nauli. Kuna wiki nilikaa na daftari usiku nikaona kwamba lori limekwenda Nairobi na kurudi, limelipa mafuta, limelipa dereva na tanboi, msaidizi wake, na kwangu hakikubaki hata cha kununua tairi moja. Mkopo wa sacco ulikuwa unasubiri.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu. Mmoja: tia injini nyingine. Mwingine: uza, nunua lililo jipya zaidi. Kuna aliyeniletea chupa ya dawa ya kutia kwenye tangi, na mwingine sumaku ya kufunga kwenye mpira wa dizeli, eti inapanga mafuta yaungue vizuri. Sikununua. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limewahi kupima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo vya kubana mafuta, na karibu vyote havikuonyesha faida ya maana. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya kutengeneza kitu kimoja au viwili, kwa hiyo nilitaka kwanza nijue mafuta yanapotelea wapi.

Hapo ndipo ningemshauri mtu yeyote aanzie: pima kabla ya kufungua spana. Watu wengi hukadiria kwa mshale wa geji, na geji ya lori la zamani haiaminiki. Sisi tulifanya hivi. Lori linaegeshwa mahali tambarare, kituo kilekile, pampu ileile. Unajaza mpaka shingo ya tangi, unasubiri povu lishuke, unajaza tena mpaka shingoni. Unaandika kilomita. Ukirudi unajaza vilevile, na lita zilizoingia ndizo zilizotumika. Kilomita gawanya kwa lita. Andika na uzito wa mzigo, maana safari ya mchele na safari ya magodoro hazilingani. Halafu hakikisha mita yenyewe ya kilomita inasema kweli, kwa sababu ukiwa umebadilisha saizi ya tairi itakudanganya. Tulilinganisha na simu kwenye kipande cha barabara kati ya Mariakani na Voi.

Kabla ya kuanza nilizungumza na mzee. Jambo hili wenye malori wengi hulifanya vibaya, wanaanza kwa kumshuku dereva. Ni kweli mafuta huibwa barabarani, na kuna vijana wa mitungi wanaoyanunua, wanaojulikana wanakaa wapi. Lakini dereva akihisi unamwinda hutapata ukweli wowote kutoka kwake. Nikamwambia, "Mzee, nataka kulipima lori. Sikupimi wewe."

Akanyamaza kidogo. "Pima, mwanangu," akasema. "Baba yako hakuwahi kupima, na mimi nimechoka kuulizwa mafuta yameenda wapi. Hata mimi nataka kujua."

Tulipata kama kilomita tatu kwa lita, likiwa na mzigo kamili kwenda Nairobi. Safari hiyo ni karibu kilomita 480, na karibu yote ni kupanda, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi, kwa hiyo sikutegemea miujiza. Hata hivyo lita 160 kwa upande mmoja zilikuwa nyingi mno kwa lori la ukubwa ule.

Fundi wetu wa Changamwe alitaka tuanze na pampu. Huwa ndiyo mazoea: mafuta yakizidi, pampu. Nikamwomba tuanze na vile vinavyolizuia lori lisitembee, kwa sababu ni rahisi kukagua na bei yake ni ndogo.

Safari iliyofuata nilipanda mwenyewe hadi Mariakani. Tulipoegesha kabla ya mizani, mzee alinionyesha namna ya kuzunguka lori: unapeleka mgongo wa kiganja karibu na habu, yaani kitovu, ya kila gurudumu, bila kugusa. Magurudumu ya mbele yalikuwa na uvuguvugu wa kawaida. Nyuma kulia vilevile. Nyuma kushoto joto lilinipiga kabla mkono haujafika, na kulikuwa na ile harufu kali ya breki iliyoungua. Tangu Miritini, kupanda Mazeras yote, injini ilikuwa inavuta mzigo na inavuta breki.

Gereji tulilitia jeki, magurudumu mengine yakazuiwa kwa mawe, gia ikawekwa nyutro. Gurudumu lililo huru mtu mmoja hulizungusha kwa mkono. Lile lilitaka watu wawili. Ndani, pistoni ya silinda ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu, haikurudi baada ya kukanyagwa. Sisi tunaoishi na hewa ya chumvi tunapaswa kuzifungua silinda hizi mara nyingi kuliko wenzetu wa bara. Tulitengeneza pande zote mbili za nyuma, tukabadilisha springi za kurudisha breki, na yote haikufika shilingi elfu nane. Jambo lenyewe lilikuwa la usalama kabla halijawa la mafuta, na liliniuma kufikiri ni mara ngapi mzee aliteremka Mazeras na gurudumu lile.

Tairi nazo zina yao. Kwa lori lenye mzigo, takriban thuluthi ya nguvu ya injini huishia kwenye tairi kukunjika na kukunjuka barabarani, na tairi lenye upepo mdogo hukunjika zaidi. Anayelala njaa ni tairi la ndani kwenye yale mawili ya nyuma, kwa sababu vali yake haifikiki kirahisi na tanboi hupima la nje tu. La kwetu la ndani lilikuwa na karibu nusu ya upepo wa mwenzake. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na usipunguze upepo njiani ati limepata joto. Pitisha pia kiganja juu ya kashata, yale matuta ya mpira, za tairi za mbele, kwenda na kurudi. Ukihisi zinakwaruza upande mmoja na kuteleza upande wa pili, alaimenti, yaani mnyoosho wa magurudumu, imeharibika, na lori linaburuta tairi kwa ubavu.

Eya klina, chujio la hewa ya injini, nitaipitia kwa haraka kwa kuwa kila mtu anaijua. Ya kwetu ilikuwa imejaa vumbi la simenti. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo wa wastani, isigongwe chini. Kisha weka taa ndani gizani: ukiona kitundu kinapenyeza mwanga, tupa. Kagua na mpira unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini, chini ya klempu, mahali macho hayafiki. Mwenye injini ya turbo apake maji ya sabuni kwenye mipira yote ya kutoka turbo, injini ikiunguruma na mtu akikanyaga mafuta, aangalie mapovu. Hewa ikipotea pale, dizeli inamwagwa bila hewa ya kuiunguza, na ule moshi mweusi unaouona mlimani ni pesa.

Sasa thamostati, kile kidude kinachofunga na kufungua njia ya maji ya kupoza injini. Hapa ningetaka kila mwenye lori wa Pwani asome mara mbili.

Mshale wa joto kwenye lori letu haukuwahi kufika katikati. Hata saa nane mchana, Maungu, jua la kuchoma, ulikaa chini. Baba alikuwa akijivunia: "Injini hii haijui kuchemka." Nilimwomba fundi afungue nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu. Kuna mtu zamani aliitoa na kufunga gasketi.

"Dada, hapa si Ulaya," fundi akaniambia. "Na joto hili la Mombasa, thamostati ya nini?"

Nimesikia maneno hayo gereji nyingi, na yanasemwa kwa nia njema. Lakini injini haijali nje kuna joto gani. Nje kukiwa na nyuzi 32, hiyo bado ni baridi sana kwa injini inayotaka maji yake yawe kati ya nyuzi 80 na 90. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajafika huko. Ikitolewa, kuta za silinda zinabaki baridi, dizeli inayozigusa haiungui yote, sehemu yake inateremka na kuchanganyika na oili, na oili yenyewe inabaki nzito ikiongeza msuguano. Unalipa mafuta zaidi na injini inakwisha mapema. Na kuna injini nyingi ambazo thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani lori linaweza kuchemka kwa sababu ileile iliyokusudiwa kulipoza.

Nilinunua thamostati mpya, na kabla ya kuifunga niliipeleka nyumbani. Joto la kufungukia huwa limepigwa muhuri kwenye chuma chake. Niliifunga uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la makaa isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Baba akavuta kiti. Maji yalipokaribia nyuzi 76 ile sahani ya katikati ikaanza kujiinua polepole, na kadiri maji yalivyozidi kupata moto ikafunguka yote. Baba aliitazama bila kusema kitu, kisha akaniambia niitoe, niiache ipoe, tuone kama itajifunga. Ikajifunga.

Lakini msikimbilie kuirudisha kabla ya kujua ilitolewa kwa nini. Mara nyingi iliondolewa kwa sababu lori lilichemka, na lililochemsha ni rejeta iliyoziba. Mombasa maji ya visima vingi ni ya chumvi, na gereji na madereva huyatia kwenye rejeta kila siku. Chumvi na chokaa hushika ndani ya vijia mpaka maji hayapiti. Yetu ilifunguliwa tangi la juu, vijia vikasuguliwa kwa fimbo, ikasafishwa. Kazi hiyo ilikula shilingi elfu tisa na siku mbili za lori kusimama, na siku mbili bila mzigo ni hasara yake pekee. Tangu hapo hatutii maji ya kisima. Tunatia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi, na mzee anabeba mtungi wake kebini.

Breki, tairi, hewa na thamostati vilipokamilika, tukapima upya kwa njia ileile. Tulikuwa tumefika kilomita tatu na nusu kwa lita, na pampu haijaguswa.

Ndipo tukaenda kwenye nozo, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Nilisimama karibu na benchi fundi wa dizeli akizipima moja moja kwa pampu ya mkono. Nozo nzima hutoa ukungu mwembamba, wa pande zote, na hukata ghafla kwa mlio mfupi. Nne zilifanya hivyo. Mbili zilitema mistari, na moja kati ya hizo ilibaki na tone linaloning'inia mdomoni baada ya kukata. Tone hilo haliungui, linageuka moshi na masizi. Tulibadilisha ncha zote sita, zikapangwa presha ya kufungukia ilingane. Siku hiyohiyo tapeti, yaani nafasi za vali, zilipangwa, injini ikiwa baridi kama kitabu chake kinavyotaka.

Kwenye pampu tulikuta waya wa sili umekatwa na skrubu inayoweka kiwango cha juu cha mafuta imezungushwa. Hili liko kwenye malori mengi ya zamani. Dereva analalamika lori halina nguvu, fundi anazungusha skrubu, moshi mweusi unatoka, wote wanaridhika kwamba sasa lina nguvu. Kumbe eya klina ilikuwa imeziba au breki inashika. Pampu ilipelekwa kwenye benchi la kupimia, ikarudishwa vipimo vya kiwanda, ikafungwa sili mpya, na taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, ikapangwa ilipofungwa. Nililipa shilingi elfu 35, gharama kubwa kuliko zote, na niliilipa kwa awamu. Kama mfuko hauruhusu, hii ndiyo ya kusubiri. Mzee aliogopa lori litakuwa zito mlimani. Aliporudi kutoka safari ya kwanza aliniambia Mazeras wanapanda kwa gia ileile ya zamani, ila sasa anaona gari la nyuma kwenye kioo.

Kuhusu mafuta yenyewe: nunueni kituoni, kwa risiti. Mafuta ya mitungi kando ya barabara kuu yanaweza kuwa ya wizi, na yanaweza kuwa yamechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulikuwa mkubwa hadi serikali ilipoweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida ya mchezo huo iondoke. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na sehemu za pampu ya kimekanika zinazosukuma mafuta hulainishwa na hayohayo yanayopita ndani yake. Kila asubuhi toa maji yaliyojikusanya kwenye kikombe cha chini ya filta ya dizeli. Na tangi lisilale tupu, maana unyevunyevu wa hapa hugeuka matone usiku kwenye kuta zake.

Sehemu iliyobaki ni mguu wa dereva, na hapa sikuwa na la kumfundisha mzee. Tulikaa tukakubaliana: lita zikipungua chini ya kiwango tulichoandika kwa mzigo ule, theluthi ya thamani yake ni yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenipigia simu kunieleza habari za upepo wa tairi. Anabadilisha gia mapema, anaishikilia injini kati ya mizunguko 1,500 na 2,000. Anatembea kilomita 65 hadi 70 kwa saa ingawa sheria inaruhusu malori 80, kwa sababu nguvu ya upepo inayolizuia lori huongezeka kwa mraba wa mwendo. Maturubai yanafungwa yakakaza, yasipigepige. Kwenye foleni ya mizani au ya geti la bandari, anazima. Lori kubwa likiunguruma bure hula takriban lita tatu kwa saa. Letu ni dogo kuliko hayo, lakini foleni zetu tunazijua.

Kuna jambo moja nililomwomba aape, na nawaomba nanyi mlisimamie kwa madereva wenu, hasa mkiwalipa akiba: asiteremke kwa nyutro. Wengi wanaamini wanaokoa mafuta kutoka Mazeras kushuka Miritini. Si kweli. Lori likiteremka ndani ya gia na mguu umeachia, gavana ya pampu, inayodhibiti kiasi cha mafuta, hukata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inahitaji dizeli ili isizime, na wewe umebaki na breki peke yake, zinapata moto, na chini kuna matatu, bodaboda na watoto wanaovuka.

Leo tuko karibu na kilomita 3.8 kwa lita na mzigo kamili kwenda Nairobi. Ni lita 126 badala ya 160, na kwa bei ile ya shilingi 200 ni kama shilingi 6,800 kwa upande mmoja. Matengenezo yote yalijilipa, mkopo wa sacco unakwenda, na baba anauliza hesabu kila lori linaporudi.

Kilichobaki ni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Tukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, kuna moshi unaotoka kwa mapigo, dalili kwamba pete za pistoni zimeanza kuchoka. Kwa sasa ni mdogo na oili haipungui sana kati ya sevisi. Moshi ule ukiongezeka, au lori likianza kugoma kuwaka asubuhi, hakuna nozo wala tapeti itakayosaidia, itabidi injini ifunguliwe. Kila mwezi naweka kando sehemu ya akiba ya mafuta kwa ajili ya siku hiyo.